Karatasi Niliyoisaini Marangu

Wenzangu wa Dodoma mmekuwa mkinitania tangu Februari kwamba Mama Chiwanga alikwenda Kilimanjaro mzima na amerudi mwoga, siku hizi haweki hata alama ya vema kwenye kazi za washiriki. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye chai. Naandika safari nzima, toka stendi hadi kurudi, na atakayetaka kunicheka acheke mara moja yaishe.

Niliondoka kwa sababu ya kazi. Mimi ni mwezeshaji. Nilistaafu maendeleo ya jamii, na mwaka wa kumi na tisa huu naendesha semina za uongozi kwa watu wanaoanza kushika madaraka: watendaji wa vijiji na kata, madiwani wapya, viongozi wa ushirika. Safari hii niliombwa siku tano Marangu, washiriki thelathini kutoka mikoa ya kaskazini. Mwenzangu alikuwa Mwalimu Mlay, mkuu wa shule mstaafu, mtu wa Masama. Tumezunguka naye mikoa mingi. Yeye anasema kati yetu mimi ndiye ninayeongea sana. Msimwamini.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Dodoma. Kondoa tulipita watu wanafungua maduka, Babati tukala wali kwa haraka ile ya kuitwa na honi, na Arusha tukakaa kwenye foleni karibu saa nzima. Moshi niliingia jioni, miguu imevimba hadi viatu vinanikataa. Mwalimu Mlay alikuwa ananisubiri na pikapu yake.

"Karibu Uchagani. Umenenepa, Mama."

"Nimevimba, sijanenepa. Nipeleke nikalale."

Jumapili baada ya ibada tulipandisha. Kiboriloni tukasimama kununua kalamu rashia na karatasi kubwa za kubandika ukutani, maana mimi bila karatasi ukutani najiona sijafanya kazi. Sokoni pale watu wanapigana vikumbo, Mwalimu akawa anabishana na muuzaji kwa Kichagga huku mimi nimeshika bahasha ya gundi na pini kama mjumbe wa harusi. Kisha Himo, kisha barabara ikageukia mlimani, na joto likabaki chini.

Marangu tulifikia hosteli ya parokia. Nyuma ya jengo kulikuwa na mfereji mwembamba, maji safi yanapita kati ya migomba yakielekea chini kwa watu. Nilisimama pale muda mrefu. Mimi nimekulia Ugogoni, mahali ambapo maji tulifukua kwenye mchanga wa mto uliokauka, ukisubiri kata moja ijae unaweza kusinzia. Hapa maji yanapita nyuma ya choo na hakuna anayeyatazama! Mwalimu akaniambia kwa Kichagga unaitwa mfongo, wamechimba babu zao, na una wenyewe.

"Wewe si ni mwenyewe?" nikamwuliza.

"Mimi wa Masama. Mfongo wa Marangu siujui, na nikijifanya naujua watanicheka."

Alisema hivyo, nami nikasikia, nikaingia ndani kula kiburu. Ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, vizito, vitamu. Nililala vizuri sana.

Jumatatu tulifungua semina. Utambulisho, matarajio ya washiriki, sheria za ukumbi, simu zizimwe, mambo yale yale mnayoyajua. Wengi walikuwa vijana wazuri, wasemaji, wenye kupenda kusikika. Aliyenivutia alikuwa Upendo Temba, mtendaji wa kijiji kutoka Kilema, milima ya jirani. Ana miaka ishirini na minane, sauti ya chini, na tabia ya kuuliza swali wakati wenzake wameshafunga madaftari. Nakiri aliniudhi kidogo. Mwezeshaji ana ratiba.

Jumanne ilikuwa siku ya zoezi la nje. Hili ndilo zoezi langu ninalolipenda: nawapeleka washiriki kwenye kijiji chenye mgogoro wa kweli, wanasikiliza, wanarudi kwenye vikundi, wanatoa suluhisho kwenye karatasi kubwa ndani ya saa mbili. Kijiji tulichopewa kilikuwa juu kidogo ya hosteli, na mgogoro ulikuwa wa huo huo mfongo. Maji yanatoka mtoni juu, kwenye banio la mawe linaloyakinga, yanateremka katikati ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, na kila nyumba ina siku yake ya kufunguliwa. Tatizo ni kwamba bustani ya shule ilikuwa haipati maji ya kutosha.

Walioitwa kutupa maelezo walikuwa kumi na wawili. Alikuwapo mwenyekiti wa kijiji, alikuwapo Mzee Mtui anayesimamia mfongo, na wengine walikuwa wenye vihamba vya juu na vya kati. Wa chini kabisa, kule mkiani mfongo unakoishia, hakuja hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyewaita. Sikuligundua hilo. Nilihesabu vichwa, nikapata kumi na viwili, nikaridhika.

Kikundi cha Upendo ndicho kilichotoa kazi nzuri kuliko vyote. Walichora ratiba mpya ya wiki nzima kwa rangi tatu. Jumatano, iliyokuwa zamu ya nyumba saba za mkiani, wakaipa shule. Wale wa mkiani wakahamishiwa Jumapili. Wote wamepata, hakuna aliyekosa, karatasi inapendeza macho.

Upendo akanyoosha mkono. "Mama, hawa wa chini hatujawauliza."

"Muda umekwisha, Upendo. Hili ni zoezi tu."

Nikachukua kalamu nyekundu. Mnajua kawaida yangu: kazi nzuri naiwekea alama kubwa ya vema, natia saini, naandika tarehe. Halafu tunaibandika pale pale kwa wenyeji, kama zawadi yetu kwao. Tukaibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, tukapiga makofi matatu, tukateremka. Mzee Mtui aliisoma karatasi ile taratibu huku amevua kofia. Nikadhani amefurahi.

Jumatano na Alhamisi tuliendelea ukumbini. Jumatano, Mungu anisamehe, nilifundisha somo la kumsikiliza unayemwongoza. Nilichangamka hadi Mwalimu akanionyesha saa yake mara mbili.

Ijumaa ilikuwa siku ya kufunga. Mgeni rasmi alitarajiwa saa sita kutoka wilayani. Washiriki wamevaa suti, kina mama wameshona sare ya kitenge, nami nimevaa gauni langu la bluu la sherehe. Saa tatu asubuhi nikiwa kwenye ngazi za ukumbi nikamwona mama mmoja mrefu, wa miaka sabini hivi, anakuja na jembe begani. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Namtafuta Chiwanga."

"Ndiye mimi."

Akashusha jembe, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, bila haraka.

"Ndiye wewe uliyenikatia maji?"

Anaitwa Mama Ndekirwa, mjane, kihamba chake ni cha mwisho kabisa kwenye mfongo. Alieleza kwa mpangilio kuliko washiriki wangu wote. Miti ya kahawa ya marehemu mumewe ilizeeka, akaing'oa yote mwaka jana. Ameotesha miche kwenye kitalu ili apande mvua za masika zikianza. Wiki iliyotangulia zamu yake ilipotea kwa sababu kingo za mfongo zilibomoka. Kwa hiyo Jumatano hii aliisubiri kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Asubuhi maji hayakuja. Mchana hayakuja. Alhamisi akapanda hadi kwa Mzee Mtui kuuliza, akaonyeshwa ukutani: karatasi ya watu wa mkoani, ina saini nyekundu, zamu yako sasa Jumapili.

"Na Jumapili?" nikauliza. "Si utapata?"

"Jumapili banio halifunguliwi. Watu wote tuko misani. Tangu nizaliwe mfongo huu haujawahi kufunguliwa Jumapili. Wewe ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Watu kumi na wawili walikaa mbele yangu saa mbili, kila mmoja anajua, na sikumwuliza yeyote Jumapili kuna nini.

Sasa nisikilizeni nilivyofanya, maana hapa ndipo nilipojionea aibu zaidi. Nilimwambia, kwa ile sauti yetu ya semina: "Mama, tumelipokea suala lako. Tutalishughulikia mara tu baada ya kufunga."

"Kufunga nini?"

"Semina."

"Miche yangu itakufa mchana huu, wewe unafunga semina!" Sauti ikampanda, ukumbi mzima ukageuka. "Imebaki mistari miwili inasimama. Kutoka jana nabeba ndoo toka korongoni, na nyonga hii haipandi tena. Fungeni tu!"

Akakaa kwenye ngazi na jembe lake.

Tukaingia ofisini na Mwalimu, na Upendo akatufuata bila kuitwa. Mimi nilikuwa na haraka ya kulimaliza. Nikasema naenda kuichana ile karatasi sasa hivi na kumwamuru Mzee Mtui ageuze maji. Upendo akasema, "Leo Ijumaa ni zamu ya watu wengine, Mama. Ukiamuru, utakuwa umemnyang'anya mwingine. Tutafanya kosa la pili kurekebisha la kwanza."

Basi nikakumbuka jambo nililowahi kusikia juu ya Wachagga. Nikamwambia Mwalimu, "Si mnalo lile jani? Sale. Mtu akikosa anampelekea mwenzake, yanaisha. Tukate jani, nimpelekee kwa heshima zote."

Mwalimu akakubali, hata akachungulia dirishani kutafuta mmea wenyewe kwenye ua. Upendo akatikisa kichwa.

"Samahani, Mama. Sale ukimpelekea mtu, hana ruhusa ya kukataa. Ni lazima asamehe. Miche yake inakufa, wewe unamletea jani, anafunga mdomo, nyinyi mnapokea mgeni rasmi. Hilo halitakuwa kuomba msamaha. Itakuwa amri ya pili juu ya ile ya karatasi."

Nilikasirika, nisiwafiche. Mtoto wa juzi ananifundisha! Ila alisema kweli tupu. Mwalimu naye akajikohoza akaacha kutazama dirishani.

"Wewe ungefanyaje?" nikamwuliza. Nadhani lilikuwa swali langu la kwanza la kweli wiki ile.

"Ningepanda kwa Mzee Mtui na Bibi akiwapo. Ningesema mbele ya wenye zamu ya leo kwamba nimekosea. Halafu ningeomba. Wakikataa, wamekataa."

Saa nne tukapanda. Mwalimu alibaki kumsubiri mgeni rasmi, sisi tukaondoka na Mama Ndekirwa mbele, mimi nyuma yake, na washiriki wote thelathini wakafuata, ingawa sikuwaagiza. Njia ya juu ni ya mwinuko mkali na mawe yenye utelezi. Viatu vyangu vya sherehe nilivivua baada ya nusu saa. Mama Ndekirwa, na nyonga yake, hakupumzika hata mara moja.

Mzee Mtui tulimkuta kwenye banio pamoja na wenye zamu, mtu na mkewe, wanagawanya maji kwa magome ya migomba na udongo. Tukaamkiana. Nikasema yote pale pale nimesimama pekupeku: kwamba karatasi ile ilikuwa mazoezi ya darasani, kwamba sina mamlaka yoyote juu ya maji yao, kwamba nilitia saini jambo nisilolijua, na kwamba nimemuumiza mama huyu.

Mzee Mtui akanitazama. "Mazoezi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mlikuja na magari matatu kufanya mazoezi na maji yetu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Niliona ile ratiba ni ya kijinga," akasema. "Nikasema labda mkoani wana sababu. Mimi nani nibishane na saini?"

Jamani, maneno yale yaliniingia. Kumbe mzee alijua tangu mwanzo. Alivua kofia, akasoma, akaona kosa, akanyamaza kwa sababu yangu.

Yule mke wa mwenye zamu ndiye aliyeamua. Alisema wao watatoa nusu ya siku yao kwa Mama Ndekirwa. Ila maji hayatafika: pale kingo zilipobomoka wiki iliyopita zimezibwa juu juu, na kuanzia hapo hadi mkiani mfongo umejaa matope na majani. Mzee Mtui akaongeza kwamba kwao anayeharibu zamu ya mtu anaingia mfongoni na jembe. Hakuna faini nyingine. Akalichukua jembe la Mama Ndekirwa mikononi mwake, akanipa mimi.

Saa tano hadi saa tisa tulichimba. Nina miaka sitini na mmoja na goti la kushoto ni bovu, niliingia kwenye matope na gauni la bluu nimelifunga kiunoni. Washiriki walivua makoti. Majembe yalikuja toka vihambani, kila nyumba tuliyopita ilitoa moja au mawili, na watu wakatoka nayo wenyewe wakasaidia. Diwani mmoja kijana kutoka Tanga alidumbukia hadi mapajani, watoto wa kike wa nyumba ya jirani wakacheka hadi wakakaa chini. Mzee Mtui alitembea kingoni akielekeza. Aliponikuta nimepumzika akauliza, "Huko kwenu unafanya kazi gani?"

"Nafundisha uongozi."

"Aa," akasema. "Ongeza kina hapo, maji yatarudi nyuma."

Mwalimu alipiga simu saa saba. Mgeni rasmi alifika, akakuta viti, akanywa soda moja, akaondoka amenuna. Nikamwambia sawa. Mikono yangu ilikuwa imetoka malengelenge na nilikuwa sina nafasi ya kumfikiria.

Saa kumi maji yalifika kwenye kihamba cha mwisho. Yalikuja machafu kwanza, yakisukuma majani, kisha yakasafika. Mama Ndekirwa alikuwa ameshapiga magoti kwenye kitalu akiyaongoza kwa mikono. Nikamfuata. Miche ilikuwa ndani ya viriba vyeusi, mistari sita chini ya kivuli cha mgomba. Akapita mstari kwa mstari akibonyeza majani.

"Hii imekufa. Hii imekufa. Hii, hapana." Akafika mwisho. "Mistari miwili itapona. Huu wa tatu, Mungu anajua."

Nilisema, "Mama, naomba unisamehe."

Alinawa mikono kwenye mfongo, akajipangusa kwenye kanga. "Umechimba," akasema. "Nimekuona. Lakini miche imekufa, na mvua inakuja, na mimi sina miaka ya kusubiri mingine ikue. Ukija tena huku, pita kwangu kwanza ndipo uende ofisini."

Ndivyo alivyosema. Hakusema amenisamehe, nami sikurudia kuomba. Upendo alikuwa karibu, amesikia, na nashukuru hakunitazama. Tuliporudi nikapita ofisi ya kijiji nikaibandua karatasi mwenyewe, Mzee Mtui akiwapo, na zamu zikarudi zilivyokuwa. Bustani ya shule wanakijiji wakasema watakaa wenyewe waizungumze, na wa mkiani wakiwapo.

Vyeti tuligawa jioni ukumbini bila hotuba, watu wana matope hadi masikioni. Nilipompa Upendo cheti chake nilimshika mkono kwa muda nikamwambia nimejifunza kwake. Akasema, "Asante, Mama," akashikwa na aibu, akaenda kukaa.

Jumamosi alfajiri Mwalimu alinishusha Moshi. Mlima ulikuwa wazi, mweupe juu, watu stendi hawautazami. Njia nzima hadi Arusha nilikaa nimekunja vidole vyenye malengelenge na kuona haya. Nimewaambia mamia ya watu kwamba kiongozi ni msikilizaji. Ninachojua sasa ni kwamba unaweza kusikiliza vizuri sana, kwa masikio yote mawili, na bado ukamuumiza mtu, kama waliokaa mbele yako ni wale waliochaguliwa kukaa. Na saini yangu, niliyokuwa naiona kama pongezi ya mwalimu, kule nje inamnyamazisha mzee anayejua kuliko mimi. Ndiyo maana siiweki tena. Chekeni.

Tulipokaribia Babati simu ikaita. Ni kijana anayeandaa semina yetu ijayo, Njombe. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mama, kila kitu tayari. Ukumbi upo, projekta ipo, orodha ya wanakijiji watakaotupa maelezo nakutumia leo."

"Orodha iweke. Nitafutie mtu ambaye hayumo."

"Hayumo kivipi, Mama?"

"Mtu wa hapo ambaye jambo letu litamgusa, na hakuna aliyefikiria kumwita."

Nikamsikia akipekua karatasi.

"Mama," akasema, "hao ni wengi."

"Najua. Nitakuja siku mbili kabla. Uanze kunipeleka kwa yule anayekaa mbali kuliko wote."